Koili za Gari la Marehemu Lado

Wenzangu wa gereji ya Sherikat, tangu niache kazi mmekuwa mkinisumbua niwaandikie niliyoyaona. Mimi si mtu wa kuandika. Lakini mgongo umekataa kuinama juu ya boneti, macho hayaioni tena klipu iliyojificha nyuma ya mabomba, basi nimebaki na chai na muda. Nitaandika kuhusu koili, kwa sababu ndizo zilizonilisha, na kwa sababu nawaona mkizing'oa kama mtu anayeng'oa mihogo. Habari za vyeo msitafute humu. Fundi waya hana cheo. Ana watu wanaompigia simu, na watu wanaojifanya hawamjui mpaka siku gari linapogoma.

Nilianzia Kitale, ambako wazazi wangu walikimbilia kutoka Juba wakati wa vita nikiwa msichana mdogo. Karo ya shule ilipotushinda, mama alinipeleka kwa fundi mmoja wa umeme wa magari, Mzee Barasa, ambaye alikuwa muumini mwenzake kanisani. Siku ya kwanza nilivaa sketi, maana mama alisema binti wa kanisa havai suruali. Mzee Barasa aliitazama ile sketi, akaitazama betri iliyokuwa inavuja asidi pembeni, akasema, "Hiyo nguo haitafika Jumapili." Haikufika. Jumatatu iliyofuata nilikuja na suruali ya kaka yangu, na mama akanikunjia pindo.

Kwa muda mrefu hakuniruhusu kushika spana. Alinikalisha kwenye benchi nikiyapa magari mgongo, akawa anawasha moja baada ya jingine na kuniuliza, "Hii inatembea na miguu mingapi?" Gari la silinda nne likikosa moja linachechemea, na mtu mwenye sikio anasikia lile pengo. Nikikosea, nilikosa chai. Mzee yule alikuwa mwema sana lakini kwa chai alikuwa mchoyo, na nadhani alifurahi nilipokosea. Hata hivyo nilijifunza, kwa sababu asubuhi za Kitale zina baridi kali.

Enzi hizo gari zima lilikuwa na koili moja, kopo jeusi linalosukuma umeme mkali kwenda kwenye plagi zote. Ikifa, gari limekufa, na mjadala umekwisha. Baadaye yakaja magari ambayo kila silinda ina koili yake, imevaa juu ya plagi kama kofia. Hapo moja ikifa gari halifi, linaugua tu. Linatetemeka likiwa limesimama, halina nguvu mlimani, linakunywa petroli kama lina wageni. Ugonjwa wa namna hii ndio unaowapa watu nafasi ya kusema uongo.

Niliporudi Juba nilipata kazi kwenye gereji moja pale soko la Custom, katikati ya Waganda na Wakenya wanaouza spea. Wateja walikuwa wanakuja, wananikuta nimesimama na spana mkononi na grisi hadi viwikoni, halafu wananiuliza, "Fundi yuko wapi?" Nilikuwa nawajibu fundi ameenda kula, wamsubiri. Walisubiri kweli, na mimi nikaendelea na kazi. Walipoona gari limepona, wengine walicheka, wengine waliudhika, lakini wote walirudi.

Kuna kosa moja ambalo nimelikuta Juba tu, na nyinyi mnalifanya hadi leo. Gari likikatakata, mshtakiwa wa kwanza ni petroli. Kweli, petroli ya chupa inayouzwa barabarani ina siku inakuja na maji, sibishani. Lakini nimeona watu wamemwaga tanki zima, wamebadilisha chujio, wamemtukana mama wa watu anayeuza chupa zake kwa amani, na kumbe koili ya silinda ya pili ndiyo iliyokufa. Kabla hamjamtukana mtu, fungueni boneti.

Jina hili mnaloniita, Mama Waya, nililipata kwenye kazi za majumbani. Wanawake wengi, mume akiwa safarini, hawakutaka mwanaume wasiyemjua ashinde uani mwao. Wakasikia kuna mama fundi. Basi nikawa nabeba kisanduku changu kwenye boda boda, naingia nyumba za watu, nakaribishwa chai, napewa mtoto nimshike kidogo, na gari baadaye. Kazi ya nyumbani ina raha yake. Gari limepoa, hakuna kelele ya jenereta, na mwenye gari anaona kila unachokifanya, kwa hiyo huwezi kumdanganya hata ukitaka.

Utaratibu wangu ulikuwa huu, na sijauacha. Kwanza nasikiliza injini ikiwaka. Naizima, naiacha ipoe, nachomoa waya wa hasi wa betri. Natoa kava la plastiki, halafu nafuata koili moja moja. Klipu ya waya unaibonyeza, huivuti. Joto la Juba limeikausha plastiki, ukiivuta inavunjika mkononi na umejiongezea kazi. Spana ya kumi inatoa boliti. Kisha koili yenyewe unaizungusha kidogo kushoto na kulia kabla ya kuipandisha, ili mpira wake uachie plagi bila kuchanika. Ukishaitoa, chungulia kwenye shimo ilimotoka. Humo ndimo mnamoona kama kuna mafuta, maji au kutu. Vijana mnaruka hatua hii, kisha mnashangaa koili mpya inakufa.

Na msinunue chochote kabla ya kuhamisha. Koili mnayoishuku itoeni, muipeleke silinda nyingine, na ya kule ije huku. Ugonjwa ukihama pamoja na koili, mwizi mmemshika. Ukibaki palepale, basi ni plagi, au waya, au jambo kubwa zaidi. Haigharimu kitu ila subira, na hiyo ndiyo sababu watu hawapendi.

Sasa niwaeleze kazi ya mtaa wa Juba Na Bari, maana huwa mnaniuliza ni kazi gani iliyonitia hofu kuliko zote.

Mama mmoja aitwaye Poni alinipigia simu. Mumewe, Lado, alikuwa dereva wa gari la kukodi, gari dogo la Kijapani, lake mwenyewe. Alikuwa ameugua na kufariki, na miezi kadhaa ilikuwa imepita. Poni aliishi Uganda miaka ya ukimbizi na Kiswahili chake ni cha kule.

"Mama Waya, gari ya marehemu inatetemeka," aliniambia. "Shemeji anasema imekufa kabisa. Mimi naomba wewe kuja hapa nyumbani. Haiwezi toka."

Nikamuuliza kwa nini lisitoke hata kwa kuvutwa. Akanieleza desturi ya ukoo wa mumewe. Chombo cha marehemu hakivuki geti mpaka siku ya karama, ile sadaka ya chakula na maombi ya kumaliza matanga. Siku hiyo wazee ndio wanaosema kila kitu kinakwenda kwa nani. Kuhusu gari walikuwa wameshakubaliana: likiwaka vizuri mbele yao, ni la Poni, aliendeshe alishe watoto. Kama limekufa, kaka mkubwa wa marehemu, Wani, atalichukua alitoe spea. Karama ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyohiyo.

Nilifika nikamkuta Wani mwenyewe uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Mtu mrefu, mpole wa sauti, naye ni dereva. Gari lake lilikuwa la aina ileile na giaboksi yake ilikuwa imekwisha, jambo ambalo Poni alininong'oneza jikoni. Sikumchukia. Mtu mwenye giaboksi mbovu huona giaboksi kila mahali.

"Mama, usijichoshe," alinisalimu hivyo. "Fundi wangu alisikiliza. Pistoni. Khalas, basi, hii arabia imekufa," akalionyesha gari kwa kidole.

"Alifungua?"

"Kufungua nini? Alisikia."

"Basi na mimi nisikie," nikamwambia, nikamwomba Poni awashe.

Liliwaka kwa shida, likatetemeka kama mtu mwenye malaria. Lakini nililisikia lile pengo la Kitale. Lilikuwa linatembea na miguu miwili. Nilipotoa koili, ya pili na ya tatu zilikuwa na mistari myeupe kwenye mpira, palipopita moto wa umeme kwenda kusikotakiwa, na ndani ya mashimo yake mlikuwa na maji. Si unyevu, maji. Nilihamisha koili hizo kwenye silinda nyingine na ugonjwa ukahama nazo. Pistoni za watu zilikuwa nzima.

Nilimuuliza Poni kama gari lilipelekwa mtoni kuoshwa, maana wale vijana wa kule hupiga maji hadi ndani ya injini. Akakataa. "Tangu mzee wangu alipokufa haikutoka. Si nimekuambia?" Hakuwa anadanganya. Nikasema basi ni mvua imepita kwenye upenyo wa boneti, nikafunika na karatasi ya nailoni.

Kesho yake nilikwenda Custom kutafuta koili. Mpya hazikuwepo, zilikuwepo zilizotumika, zilizotoka Kampala. Mwenye duka aliniapia kwa Mungu kuwa zote nzima. Nilimwambia tusimsumbue Mungu, yeye anipe betri tu na plagi moja. Nilizijaribu kwenye kaunta yake, nikachagua mbili zilizotoa cheche ya bluu na kumwachia zile za njano aendelee kuziapia. Nilirudi Juba Na Bari, nikakausha mashimo, nikabadilisha plagi na koili, nikapaka grisi nyeupe kidogo ndani ya mpira. Gari likawaka mara moja, likatulia. Poni aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale. Wani aliinuka kwenye kiti chake, akaniambia "Kweis, mama," yaani vizuri, akaenda zake.

Jumamosi nilialikwa karama. Nilivaa nguo ya kanisa, na sijui ni nini kilichonifanya nibebe kisanduku. Nilifika mapema, wanawake wakiwa bado wanachambua mchele. Nyuma ya nyumba nikaikuta ile karatasi yangu ya nailoni imekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya tofali. Boneti ilikuwa wazi. Poni alikuwa amepandisha lawa yake, ile shuka ya kujifunga begani, na kuifunga kiunoni, ana beseni la maji ya sabuni, anaimwagia injini kwa kikombe, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto.

Nilipiga kelele. Sioni aibu kusema nilipiga kelele mbele ya wanawake wote.

Poni aliduwaa na kikombe mkononi. "Ni Jumamosi," akasema. "Lado alikuwa anaosha Jumamosi. Yeye anafungua hapa, anaosha ndani. Mimi nilikuwa naona kutoka jikoni. Sasa mimi ndiyo naosha. Kila Jumamosi. Na leo wazee wanakuja, ikuwe safi."

Nikaelewa maji yalitoka wapi. Tangu afiwe, kila juma, mwanamke huyu alikuwa akiliua gari la mumewe kwa kulitunza. Nilimwambia tu awashe, likakohoa na kutetemeka, na hapo yeye mwenyewe akaelewa. Alikaa chini, kwenye matope ya sabuni, na nguo yake nzuri.

Wazee walikuwa wameanza kuingia kwenye turubai. Maombi kwanza, halafu chakula, halafu mgawanyo. Nilichomoa waya wa betri, nikatoa koili zote, nikazifuta kwa ncha ya lawa ya Poni, nikazianika kwenye sinia juani. Mama mmoja alitaka kunisaidia kwa kuzisogeza karibu na mkaa, nikamwomba kwa heshima aurudishe mkaa wake kwenye wali, mpira ungeyeyuka. Mashimo nikayanyonya kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye bisibisi. Maji yalibaki chini kabisa, pale ambapo kitambaa hakifiki. Nilihitaji upepo. Pampu ya baiskeli ilipatikana kwa jirani, lakini mtu mmoja hawezi kushika mpira shimoni na kupampu kwa wakati mmoja. Kwa miaka yote ya kazi sikuwahi kuiogopa injini. Siku hiyo niliogopa, kwa sababu nilijua nikishindwa, kinachovunjwa hapo si gari tu.

Ndipo Wani akatokea pembeni ya nyumba, amevaa suti. Aliliona beseni. Aliona koili juu ya sinia. Ni dereva, hakuhitaji kuelezwa.

"Nani amefanya hivi?"

Nilifungua mdomo niisingizie mvua. Poni akanitangulia. "Mimi. Nimeosha kama Lado alikuwa anaosha. Sikujua ni mbaya, shemeji. Kama ni ya kuchukua, uchukue."

Wani alichungulia ndani ya shimo la kwanza. Kule mbele walikuwa wamemaliza wimbo na katekista alikuwa anaomba. Nilimtazama nikiwaza kwamba mtu huyu hana haja ya kufanya lolote. Akirudi tu kwenye kiti chake akae, giaboksi ni yake.

"Lado hakumwaga maji," alisema mwishowe. "Alikuwa anakamua kitambaa, anapangusa tu. Mimi ndiyo nilimfundisha. Tulikuwa tunaosha lori ya mzee wetu, yeye mdogo kabisa, anabeba maji." Halafu akauliza, kama mtu aliyeulizwa swali gumu, "Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi," Poni akasema.

Wani alivua koti akampa mmoja wa wanawake. Akapiga magoti, akaninyang'anya pampu mikononi. Mimi nilielekeza mpira kwenye shimo, yeye akapampu. Maji yaliruka yakatuingia usoni. Tulifanya la kwanza, la pili, la tatu, la nne, bila kusema kitu ila "bado" na "endelea." Jasho lilimtoka mpaka shati jeupe likamganda mgongoni. Nikazirudisha koili, nikafunga boliti kwa vidole kwanza kisha spana, bila haraka, maana haraka ndiyo inayovunja klipu. Nikarudisha waya wa betri.

Chakula kilipokwisha, wazee walikuja nyuma ya nyumba, sisi tukiwa bado tunamwomba Mungu liwake. Mkubwa wao, mwenye fimbo, alimwambia Wani awashe, kwa kuwa ndiye kaka mkubwa wa marehemu. Wani akakaa kwenye usukani na suruali yake ya matope. Akazungusha ufunguo. Gari lilikataa. Nilifumba macho. Akazungusha tena, likakohoa mara moja, likatoa moshi mweupe wa maji, likashika. Nililigeuzia mgongo, kama nilivyokalishwa kwenye benchi lile la Kitale, nikasikiliza. Miguu yote minne.

Lakini mzee hakuniuliza mimi. Alimuuliza Wani, "Wewe ni dereva. Unasemaje? Limekufa au ni zima?"

Na pale mtu angeweza kusema lolote. Injini inatoka kwenye maji, ina moshi, wazee hawana sikio la injini. Wani hakushuka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele, na machozi yanamshuka hadi kwenye kidevu.

"Ni zima," alisema. "Ni zima, mzee. Ni arabia ya Poni. Na Jumamosi msimwache aguse maji. Nitakuja mimi kuosha."

Akashuka, akamshikia Poni mlango. Poni alipanda na nguo yake ya matope, akaegemeza paji la uso kwenye usukani, ndipo akalia kama mtu aliyefiwa leo, na wanawake wakamzunguka. Wakanizunguka na mimi, kwa sababu nilikuwa nalia vilevile, na mikono yangu ilikuwa na grisi tupu, basi niliinua uso tu wakanipangusa.